Mtungi Ukilala

Pwi. Kisha kimya. Kisha pwi tena, kama mtoto anayelamba midomo usingizini.

Klementina alikuwa macho, ananyonyesha kichanga wake, na majogoo wa kijiji cha Zagayu walikuwa hawajawika. Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa udongo, chumba cha mitungi. Jana mtungi ule ulichemka kama uji. Leo ulikuwa unavuta pumzi. Alijua maana yake, kwani mama mkwe wake, Domitila, alimfundisha alipoolewa: wanzuki, ile pombe ya asali, ikiwa changa huongea. Ikinyamaza, mtungi umelala, na unachujwa siku hiyohiyo. Ukiwahi, matumbo ya wanywaji yanafura. Ukichelewa, umepata siki.

Na siki ndiyo waliyoipata, mara mbili mfululizo.

Nyumba ile ilisifika kwa wanzuki tangu marehemu Luhende, mume wa Domitila, alipopandisha mizinga yake ya kwanza kwenye migunga. Lakini mwaka huu wanunuzi wapya wa pamba walikuwa wameingia na malori yao, na nyuma ya malori zikaja kreti za bia na sukari tele. Baa ikafunguliwa njia panda. Watu walionja siki ya Domitila, wakatema pembeni kwa adabu, wakashika njia ya baa.

Jioni iliyopita Mihayo, mume wa Klementina, alikuwa amemkalisha mama yake.

"Mayu, wenzetu wanatia sukari na hamira, kesho yake wanauza. Wewe unabembeleza mtungi kama mgonjwa."

"Hamira ni ya maandazi," Domitila alijibu. "Mimi sipiki maandazi."

Mihayo akainamia mnyororo wa baiskeli yake. "Basi huu uwe wa mwisho. Ukigeuka siki, tunatia hamira, na mizinga ya baba nauza."

"Sema kwa sauti, baba. Unanong'ona kama mtu anayechumbia."

Mihayo alicheka. Lakini hakuwa amenong'ona. Hata kuku walikuwa wameshtuka bandani.

Sasa, kichanga akivuta ziwa polepole gizani, Klementina akaunganisha mambo. Siku hizi mama mkwe huwatazama watu midomoni. Ukimwamkia kutoka nyuma, hageuki. Huinama na sikio lake juu ya mtungi muda mrefu, kisha huinuka na uso wa mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu. Mkono wa Domitila haujapotea. Kilichopotea ni sikio.

Ila atamwambiaje? Mkwe kumwambia mama mkwe kwamba masikio yake yamezeeka ni kumvua nguo hadharani. Na akimwambia Mihayo, mizinga itashushwa kabla jua halijatua. Akamtazama Winnie, binti yake wa miaka minne, aliyelala amekunja ngumi. Mjukuu ni mtani wa bibi. Huyu kila siku humwambia Domitila ana mdomo wa kuku, na Domitila hucheka mpaka machozi. Klementina akajikuta anatabasamu peke yake.

Kulipokucha, alikwenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe, uso kwa uso.

"Mwangaluka, mayu. Winnie ananisumbua jikoni. Akae na wewe kwenye mitungi?"

"Huyu mke mwenzangu? Atanimalizia asali."

"Umfundishe kusikiliza, mayu. Mimi nilianza nimeshakuwa mkubwa. Masikio ya mtoto yanashika."

Domitila alimtazama midomoni, kisha akapandisha macho yake kwenye macho ya mkwewe, akayaacha hapo. Klementina aliinamisha kichwa. Alisubiri kufukuzwa.

"Njoo, mke mwenzangu," Domitila alisema hatimaye, akanyoosha mkono kwa mtoto. "Leo una kazi."

Wakaketi, mtungi katikati, kila mmoja sikio lake kwenye udongo. Klementina alisimamisha mchi kinuni. Alikuwa amemwambia Winnie jambo moja tu: ukiongea na bibi, ongea kama unamwita kutoka ng'ambo ya mto.

"Bibi, unasema pwi."

"Mm. Ukiacha kusema, niambie."

Jua likapanda. Mihayo akaja kusimama mlangoni, paketi ya hamira ikichungulia kwenye mfuko wa shati lake.

"Mama Winnie, mbona hamtwangi?"

Klementina aliweka kidole mdomoni. Mihayo akatazama ndani, akamwona mama yake hasikilizi mtungi tena. Anautazama mdomo wa mtoto, kama mtu anayengoja kusomewa barua. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukaifunika ile paketi.

Winnie akakunja uso. Akabadilisha sikio. Akangoja kidogo, akangoja tena, kisha akainua kichwa na kumwambia bibi yake kwa sauti ya kuvuka mto:

"Bibi, mtungi umelala."