Mto Ulioombwa Kucheza

Isimeli aliingia kijijini Naivaka asubuhi na kamera, betri mbili na mkate wa kumpa Mjomba Peceli, kaka wa mama yake. Mzizi wa kava, ule wa kutengenezea kinywaji cha wazee, hakubeba. Mzizi huletwa na mgeni: anakaa chini, anasema anachotaka, wenyeji wanapokea na kunywa. Yeye mtoto wa hapa, aombe nini?

Zamani aliuleta. Alikuwa kijana anarekodi video yake ya kwanza ya muziki, akaomba kwa adabu zote: mto ukiona kamera yake, ucheke na kucheza. Wazee wakapokea, wakapiga makofi, wakanywa. Binamu yake Losana akaimba juu ya jiwe, miguu majini. Video ikapigwa Fiji nzima.

Baada ya hapo Isimeli akawarekodi wasanii wa rege, kwaya, na vijana wenye magari ya kuazima. Akachoka na moshi wa bandia, akahamia filamu za ukweli: wakata miwa, wavuvi, wafungwa. Wasanii wakasema amezeeka.

Sasa mto ulikuwa tope. Kampuni ya kokoto ilikuwa imeuchimba, na jiwe la Losana lilikuwa limesagwa likawa barabara. Losana mwenyewe alikuwa amefariki. Kesho yake kungekuwa na kikao Suva cha kuamua kama kampuni iongezewe kibali, na kijiji kilikuwa na filamu hii tu ya kupeleka.

Isimeli akarekodi katapila likichimba. Akamrekodi Mjomba kando ya tope, akilalamika vizuri kabisa. Alipoangalia alichorekodi, maji yalikuwa safi. Losana alikuwa juu ya jiwe, anaimba. Mjomba alikuwa na nywele nyeusi, anakata viuno. Katapila halikuwepo.

"Hukuleta mzizi," Mjomba alisema huku anatafuna.

"Si mimi mtoto wa hapa?"

"Mto hauna habari na hilo. Uliuambia ucheze, unacheza."

"Nimeleta mkate, Mjomba."

"Tena wa jana."

Isimeli akakimbia dukani, akaleta mzizi, akaomba upya. Mjomba akapokea. Wakarekodi tena. Losana akaimba tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

"Ombi la zamani hufutwa na wale wale waliolipokea, wote pamoja," Mjomba akasema. "Na nimebaki mimi peke yangu."

"Ungeniambia mapema basi!"

"Nilikuwa na hamu ya kumsikia binti yangu."

Isimeli akashusha kamera. Hata yeye alikuwa na hamu.

Suva wakaonyesha walichonacho. Maji yakamwagika kutoka kwenye skrini, maofisa wakanyanyua viatu. Kamba mmoja wa mtoni akarukia kikombe cha mwenyekiti. Mwenyekiti akamtoa, akampa katibu.

"Mto mzuri," mtu wa kampuni akasema. "Shida iko wapi?"

Mjomba akasimama kueleza. Wakamwambia muda umeisha. Kibali kikaongezwa.

Siku hizi jioni Isimeli hutundika shuka kwenye ukumbi wa kanisa na kuwasha filamu. Kina mama huja na ndoo, wanachota, wanapishana kwenye foleni. Losana huwataja kwa majina, huwauliza habari za watoto. Mjomba hukaa mbele, suruali imekunjwa, miguu majini.

Nje katapila likianza kunguruma, hageuki.

"Dairekta," anasema, "ongeza sauti."

Isimeli anaongeza.