Matetemeko ya Baada ya Misa

Kwa muda wa mwezi na kidogo, nyumba yangu ya hapa mtaani Kasense ilikuwa makao makuu ya matetemeko ya ardhi ya mkoa mzima wa Rukwa. Silisemi mimi hilo, ilisema kompyuta. Mimi kazi yangu ilikuwa kulirudia tu: bombani, mashineni kwenye foleni ya kusaga, jumuiyani, na mara moja kwa mpita njia aliyekuwa akiuliza stendi ya mjini iko wapi.

Chanzo ni mjukuu wangu Lydia, mtoto wa binti yangu Victoria aliyeolewa Mbeya. Anasoma chuo mambo ya miamba na ardhi, yuko mwaka wa mwisho, na kazi yake ya kumalizia ni kuchora ramani ya mitikisiko ya Ufipa, kuanzia bonde la Ziwa Rukwa hadi Wampembe kule Ziwa Tanganyika. Anaichora kwa lugha ya kompyuta inaitwa Python. Nilimwomba aniongeleshe kidogo kwa lugha hiyo nisikie lafudhi yake. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Haiongelewi, bibi. Inaandikwa tu."

Akanionyesha. Kumbe ina adabu kali. Mistari mingine lazima iingie ndani, tena ilingane kama matuta ya maharage, na ukikosea nafasi moja kompyuta inakataa kazi yote. Nikamwambia mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alikuwa na fimbo.

"Sasa mashine za kupimia mitikisiko ni chache, na ziko mbalimbali," Lydia akasema. "Nataka na watu waseme walichosikia, kila mtu alipo."

Akaniwekea kwenye simu yangu ya kupangusa kitu chenye picha tano. Ya kwanza ni kikombe kinachotikisika kidogo, na zinapanda hivyo hivyo mpaka ya tano, ukuta unaoanguka. "Ukisikia mtikisiko, bonyeza picha inayofanana nao. Mahali na saa vinajiandika vyenyewe. Umeelewa, bibi?"

Nikasema nimeelewa. Ndivyo ninavyosema siku zote, hata kwa daktari.

Mtikisiko ulikuja mchana mmoja nikiwa nachekecha unga wa ulezi. Kwanza kuku walinyamaza, na kuku wangu si watu wa kunyamaza. Kisha sufuria zikagongana kwenye kichanja, chekecheo likaanza kuchekecha lenyewe, na ukuta wa jiko ukapiga mlio kama kuni kavu. Nilipotoka nje kulikuwa kumetulia, ila mimi nilikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Ukuta ulikuwa na ufa, kutoka dirishani mpaka chini. Nikafuta mikono, nikavaa miwani, nikabonyeza picha ya tatu, ile ya vyombo kugongana. Mpaka hapo, naomba mnikumbuke kwa wema, sikuwa nimekosea kitu.

Kosa lilianza na pole. Kwetu pole haitumwi. Ukipatwa na jambo, kila mtu anakuja kwa miguu yake, anakaa, anakunywa kitu, anasema pole yake kwa mdomo wake. Ukisema "Mke wangu atanisemea," utasemwa wewe. Basi habari za ukuta wangu zikaenea, na watu wakaanza kuja. Na mtu akija kukupa pole ya tetemeko, hawezi kuondoka bila kukueleza lilimkuta wapi.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu Tereza. Tumeolewa mtaa huu mwaka mmoja, tukagombana mwaka huo huo, na hatujaachana.

"Mama Flavian, pole. Mimi lilinikuta bafuni," akaanza. "Nilitoka mbio na kanga moja. Moja! Mzee Eustaki alikuwa anapita na baiskeli, akaangalia juu kama anatafuta ndege."

"Pole na wewe," nikasema. Nikaona si haki. Mimi limeandikwa langu, la Tereza je? Yeye simu yake ni ile ndogo ya tochi. Nikatoa yangu, nikamwonyesha picha. "Lako lilikuwa lipi?"

Akauliza, "Wewe ulibonyeza lipi?"

"La tatu."

"Basi langu la tano."

Nikambonyezea la tano. Alifurahi, akamaliza togwa, akaenda kuwaambia wenzake kwamba kwa mama Flavian tetemeko la kila mtu linapelekwa chuo kikuu. Wakaja. Siku za kazi ni wachache, watu wako shamba, lakini Jumapili misa ikiisha walikuwa wanajaa barazani hadi naazima vikombe. Nilikuwa nachemsha togwa ya ulezi sufuria kubwa (togwa, si kimpumu cha kulevya, wanajumuiya wasije wakanisema), nakaa na miwani yangu, namsikiliza mmoja mmoja bila kumkatisha, na akimaliza nambonyezea. Uvumilivu ninao. Mzee Eustaki, mwenyekiti wetu wa jumuiya, alikiri kwamba tetemeko lilipita yeye amelala, ila kwa sababu ya cheo chake nikampa la pili. Mama mmoja mjane aliniomba niandike la marehemu mumewe, la zamani, lililowakuta wakivuna. Ningemnyima vipi?

Siku moja Lydia akatuma ramani kwenye kundi la familia. Ziwani Rukwa kulikuwa na vitone vilivyojipanga kama mtu aliyepita na gunia la maharage lililotoboka. Wampembe vitone kidogo, Namanyere doa la njano. Halafu Kasense: jekundu, nene, kama nyanya iliyokanyagwa. Nikapanua kwa vidole viwili. Katikati kabisa ya wekundu ule ilikuwa nyumba yangu.

Jamani, sitaki kudanganya, nilijisikia. Tangu nizaliwe hakuna kitu kilichowahi kuwa kikubwa zaidi kwangu kuliko kwa wengine, ukiacha miguu. Jumapili ile nilikaa benchi la mbele bila kukaribishwa. Nikamwomba Mzee Eustaki kwenye maombi ya jumuiya nyumba yangu itajwe kwa jina. Alinitazama, akaitaja.

Nilichosahau ni kwamba kwenye kundi la familia yumo pia mwanangu Flavian, anayeishi Namanyere. Akapiga simu.

"Shikamoo mama. Umeona hiyo ramani?"

"Marahaba. Nimeiona, mwanangu. Umeona tulivyo?"

"Nimeona. Jumamosi nakuja na pikapu ya jirani yangu Lukmani. Unahamia kwangu."

"Nani?"

"Wewe, mama. Siwezi kukuacha kwenye nyumba inayotikisika kila wiki. Chumba kipo, kina vigae."

Nikakata simu nikakaa kwenye kigoda. Nyuma ya nyumba ile amelala baba yake Flavian, na pembeni yake ndipo ninapopanda maharage, ili tuendelee kuonana. Mbele kuna Tereza wa kugombana naye. Namanyere nitagombana na vigae? Sikutaka kwenda, hata kwa siku moja. Lakini nitasema nini? Kwamba ramani ni ya uongo? Nilikuwa nimeisifia mji mzima, na ilikuwa kazi ya mjukuu wangu. Nikiiita uongo, namwita Lydia mwongo na masomo yake yote. Nilikuwa nimejisifia mpaka nimejifukuza nyumbani kwangu. Wengine hufukuzwa na wakwe.

Lydia aliwahi kufika, siku moja kabla ya mjomba wake. Hakuwa na furaha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Mbona sura kama ya mvua?"

"Kuna kitu hakikai sawa. Nimekuja kukiangalia kabla sijapeleka kazi chuo."

Jumamosi Flavian akaingia na pikapu, akanisalimia, akala, akaanza kazi. Ni mtoto mwema, ndiyo shida yake. Alifungua kitanda changu mbao kwa mbao. Lydia alikuwa mezani na kompyuta yake, na mimi nilikuwa nazunguka na mto mkononi, nikiuhamisha kutoka kiti hiki hadi kile ili usipakiwe.

"Bibi, njoo uone," Lydia akaniita. "Nimeiambia kompyuta ipange matetemeko ya Kasense kwa siku za wiki."

Kwenye kioo kulikuwa na vijiti vimesimama. Jumatatu kijiti kifupi, Jumanne kifupi, hivyo hivyo, halafu Jumapili mnara, kama wa kanisa.

"Nikaiambia ipange kwa saa." Akabonyeza. "Yanaanza misa ya kwanza ikishatoka. Bibi, haya matetemeko yenu yamebatizwa?"

"Ardhi ina mambo yake," nikasema.

"Tena mashine za kupimia zimeona moja tu wiki zote hizo, lile la mchana. Hakuna simu nyingine hata ya hapo mjini iliyosikia hayo mengine. Yanatikisa nyumba hii peke yake."

Sasa hapo ndipo mtu mwerevu angesema ukweli. Mimi nikaenda kuchemsha togwa.

Mara Tereza akaingia, amevaa kanga mbili safari hii, anafuta macho. "Mama Flavian, kweli unatuacha? Pole, dada yangu. Pole sana." Akakaa, akapokea kikombe. "Tutakukumbuka. Nakumbuka tetemeko lile, mimi nilikuwa bafuni..."

Akaanza tena, kanga, baiskeli, Eustaki na ndege wake. Na mimi, Mungu anisamehe, mkono umeshazoea. Alipofika mwisho, kidole changu kikaenda kwenye simu chenyewe, kikabonyeza la tano.

Kompyuta mezani ikalia: *ting*.

Lydia akaruka. "Tetemeko! Sasa hivi! Hapa hapa, ngazi ya tano, ukuta unaanguka! Mjomba, toka humo ndani!"

Flavian akatoka mbio amekumbatia godoro. Tukasimama wote. Lydia akatazama ukuta. Ukuta ukamtazama. Akatazama kikombe cha Tereza, kilichojaa togwa hadi ukingoni: tulivu kabisa, hata inzi aliyekuwa juu yake hakuwa na wasiwasi. Kisha akatazama mkono wangu.

"Bibi," akasema polepole. "Umebonyeza nini?"

"La Tereza," nikajibu.

"Tetemeko lipi la bibi Tereza?"

"Lile lile. La bafuni."

"Umembonyezea mara ngapi?"

Tereza akadakia kwa fahari, "Kila nikija! Na wengine wote anawabonyezea, hachagui mtu. Hata marehemu."

Lydia akaweka kichwa mezani juu ya kompyuta. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani namtia mtoto kilio, masomo yake nimeyaua, nikaenda kumshika. Kumbe anacheka.

"Mama," Flavian akasema, bado na godoro lake. "Kwa hiyo jekundu lote lile..."

"Ni pole," nikasema. "Watu walikuwa wanakuja kunipa pole. Sasa ningewaacha wengine bila tetemeko?"

Aliligeuza godoro, akalikalia pale pale uani.

Lydia akajifuta machozi, akaandika. Alinisomea kwa Kiswahili alichokuwa anaiambia kompyuta: kama simu moja imesema tetemeko, na hakuna simu nyingine wala mashine iliyosikia saa hiyo, weka pembeni. Mistari michache tu, iliyoingia ndani sawasawa. Halafu akachora ramani upya. Vitone vya ziwani vikabaki. Wampembe ikabaki. Na nyanya yangu ikanywea, ikanywea, mpaka ikawa kitone cha njano, kama punje ya ulezi.

Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Nadhani ndivyo anavyojisikia waziri akirudishwa kijijini kwao.

"Kwa hiyo langu mmelifuta?" Tereza akauliza. "Na mbio zote zile?"

"Limo humo, bibi," Lydia akamwambia. "Mko wote kwenye kitone kimoja."

"Na Eustaki?"

"Naye."

"Alilala! Tubanane na mtu aliyelala?"

Flavian alienda kuutazama ule ufa. Akaingiza kidole, akagonga huku na huku, akarudi. "Lile moja lilikuwa la kweli, mama. Huu ukuta hauvumilii lingine."

Nikaukumbatia mto wangu.

"Nitaubomoa," akasema. "Nitajenga wa tofali za kuchoma, na lenta ya zege juu. Mpaka uishe unapikia nje. Lakini kwa masharti: Jumapili uwaambie watu ukweli."

Nikawaambia, barazani, vikombe vikiwa mikononi. Nilitegemea wanicheke, kisha waondoke. Walinicheka, lakini hawakuondoka, togwa ilikuwa bado. Mzee Eustaki akauliza kama basi jina la nyumba yangu litolewe kwenye maombi. Nikasema liachwe, hata punje inahitaji kuombewa. Benchi la mbele nimeliacha mwenyewe.

Kitanda kilirudi ndani, ila kimerudi na mlio kwenye mguu mmoja ambao hakikuwa nao. Flavian akarudi Namanyere na pikapu tupu yenye jogoo mmoja, wa shukrani, asiyependa safari.

Juzi nikiwa napika nje, ukuta aliourudia Flavian kuujenga ukiwa bado unakauka, ardhi ikapita tena, kidogo, maji kwenye ndoo yakafanya duara. Ukuta mpya haukusema kitu. Nikafuta mikono, nikavaa miwani, nikabonyeza kikombe. Sijaweka simu chini, Tereza huyo anakuja mbio kutoka ng'ambo ya ua.

"Mama Flavian! Umesikia? Mimi limenikuta..."

"Limeshapelekwa," nikamwambia. "Moja, kwa niaba ya wote. Kaa unywe togwa unieleze."