Tende Moja kwa Kila Mtu

Bwana Ussi, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wazanzibari hapa Birmingham, alikuwa na tabia ya kutuhubiria njaa akiwa ameshiba.

Jumamosi moja baada ya alasiri alitukusanya katika ukumbi wetu Balsall Heath atusomeshe habari za kikosi cha Abu Ubayda: masahaba mia tatu waliotumwa pwani kuuvizia msafara wa Makureshi, chakula kikawaishia, wakawa wanagawiwa tende moja moja kwa siku, mwisho wakala majani ya miti.

"Leo na sisi tutaonja walichokionja," akatangaza, akapitisha sahani. Tende moja kwa kila mtu. Pilau aliyoipika Bi Shemsa tangu asubuhi akaamuru ifunikwe mpaka darsa iishe.

Darsa haikwisha. Alieleza jangwa, akaeleza ngamia, akaeleza uvivu wa vijana wa siku hizi. Watoto wakalala mapajani mwa mama zao. Mzee Hafidh, safu ya mbele, alikuwa bado anaimumunya kokwa ya tende yake kama peremende.

Masahaba walipofika kwenye kupukutisha majani, Ussi akasema anakwenda kuchukua kitabu garini. Bi Shemsa naye akatoka kutupa taka. Akaliona gari, vioo vimefanya ukungu. Akagonga. Kioo kikashuka, ikatoka harufu ya siki. Mwenyekiti alikuwa amepakata samaki mzima wa kukaanga na chipsi.

"Bwana Ussi! Nini hii?"

"Dawa, Bi Shemsa. Presha yangu haitaki tumbo tupu."

"Na presha zetu sisi?"

"Nyinyi mmekaa. Mimi nimesimama, nasema."

Bi Shemsa alirudi ndani, akakaa mbele. Punde Ussi naye akaingia, anapangusa ndevu, kitabu hana, akaanza kusimulia jinsi bahari ilivyowatupia masahaba samaki mkubwa kama kilima, wakala mpaka miili ikarudi.

Bi Shemsa akanyoosha mkono. "Samahani, Mwenyekiti. Wakati wa ile njaa, amiri mwenyewe alikula nini?"

"Tende, kama wenzake!" Ussi akapaza sauti. "Huo ndio uongozi!"

"Alikwenda kuila kando, peke yake?"

Mzee Hafidh akainua pua. "Mbona hapa pananuka siki?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Zuleha, mkewe Ussi.

Bi Shemsa akaenda kufunua sufuria, na hakuna aliyengoja dua ya kufungia. Ussi alibaki na maikrofoni yake, "Tumalizie, jamani, tumalizie," mwisho akachukua sahani, akajipanga nyuma ya watoto. Bi Shemsa alimpakulia vizuri, nyama juu.

"Kula hapa hapa," akamwambia, "tukuone."

Mwezi uliofuata tulifanya uchaguzi. Ussi akarudi kwa kura zote. Hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuamka na baridi ile kuja kufungua ukumbi na kuosha vyoo.