Mguu wa Kulia wa Bibi wa Shujaa

Katika nyumba yetu hakuna anayejua kuchora kunishinda mimi. Nimeanza na hilo ili mniheshimu mapema. Sasa niongeze na la pili: maisha yangu yote nimechora kuku mmoja tu, darasa la tatu, na mwalimu aliinua daftari langu juu akawauliza wenzangu kama lile ni birika au kiatu. Birika lilishinda kwa kura nyingi.

Anayechora kweli ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Mimi namwita Kifutio, maana akikaa mezani anafuta kuliko anavyochora, na vumbi la raba yake nalinywa na chai. Anachora manga, ile michoro ya vitabu vya hadithi vya mtindo wa Kijapani: wasichana wenye macho makubwa kama visosi, pua nukta, mdomo kama mkwaruzo wa ukucha, nywele zimesimama kama zimepata habari mbaya. Shujaa wake nilimpenda sana. Ila siku moja nikagundua kwamba shujaa huyo hana mikono. Mara ameificha mgongoni, mara mifukoni, mara moshi wa vita umepita hapohapo ilipotakiwa kuwa. Nyayo nazo zilizama kwenye majani marefu kila ukurasa, hata vita vikipiganwa sebuleni.

"Mke mwenzangu," nikamwuliza, "huyu shujaa wako ameiba nini? Mbona mikono anaificha?"

"Bibi, huo ni mtindo."

"Aa. Basi hata kuku wangu alikuwa mtindo."

Alicheka. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka kabla ya wiki ile ya majaribio.

Alikuwa amepata nafasi ya majaribio kwenye chumba cha wachoraji, wale wanaotoa kitabu cha hadithi za picha kila mwezi. Binti yangu, ambaye ni fundi cherehani, hakuitaka kazi hiyo. Alimwambia mtoto wake waziwazi, "Wakikukataa, unakuja kukaa kwenye cherehani ya pili. Nimeshaipaka mafuta." Na mtoto yule akitazama cherehani unadhani ametazama jeneza.

Mkubwa wa chumba kile wenyewe wanamwita Rula, kwa jinsi alivyo mrefu na mnyoofu. Jumatano alimwita Kifutio, akaweka karatasi nyembamba juu ya shujaa wake, akaanza kumtia mifupa. Mkono mmoja ukadai viwiko viwili. Mbavu zikakosa pa kukaa. Kichwani, baada ya macho kupata nafasi yao, ubongo haukubakiwa na chumba.

"Macho makubwa sina ugomvi nayo," Rula akasema. "Nami nachora macho makubwa. Nataka kujua yamekaa kwenye fuvu gani."

Akafungua droo yake. Ndani kulikuwa na karatasi tele za vitu vya kweli tupu: vidole vya wazee, watu waliosinzia kwenye foleni, mbwa anajikuna, magoti, magoti, magoti. "Ukijua goti linavyokunjwa," akamwambia, "ndipo unaweza kulirefusha utakavyo na msomaji akaamini. Wewe unarefusha usichokijua. Nenda uniletee bibi wa shujaa. Amesimama mlangoni, anawazuia maadui wasiingie. Mwili mzima, mikono ionekane, nyayo ziguse sakafu. Umchore kutoka kwa mtu aliye hai. Ijumaa mchana. Usipoleta, kiti kina mwingine anayekisubiri."

Mwisho akampa uzi wenye kifungo cha shati. "Mtu akisimama, teremsha uzi kutoka kishimo cha koo. Kifungo kiangukie penye mguu unaobeba uzito. Kikianguka nje, mtu wako naye yuko njiani kuanguka."

Haya yote alinieleza akiwa amelala kifudifudi sakafuni. Kusimama tu, jamani! Hakuambiwa achore vita wala joka. Na kusimama kukamshinda. Jumatano hiyo mpaka usiku alichora bibi kutoka kichwani, na kila bibi alitoka msichana mwenye mvi. Alhamisi asubuhi nilimkuta amekaa katikati ya karatasi zilizokunjwakunjwa kama mtu aliyenyolewa akakaa kwenye nywele zake. Uji niliomwekea jana yake ulikuwa umeganda. Alikuwa anaupiga mkono wake wa kulia kwenye ukingo wa meza, polepole, kama mtu anayemwadhibu mtoto wa jirani.

Nikaushika ule mkono. "Huu ni wa kwako. Ukiuvunja, cherehani nayo itakukataa."

"Bibi, sijui kitu," akasema. Hakuwa analia, afadhali angelia. "Miaka yote hii nilikuwa nanakili michoro ya watu wengine. Sijawahi kumtazama mtu. Nikifunga macho nione goti, naona mstari. Mstari tu, Bibi. Hakuna kitu ndani."

  Nikasema, "Basi nichore mimi. Niko hai, angalau kwa leo."

Sasa kabla sijaendelea, niwaambie habari ya goti langu la kulia. Limepona. Ndivyo nilivyomwambia binti yangu, na ninyi nawaambia vilevile. Daktari alikuwa ameanza kuzungumza mambo ya kisu, na mimi kisu nakijua cha kukatia vitunguu. Kwa hiyo siku moja nikaamka nimepona, nikaisimamisha fimbo yangu nyuma ya mlango, nikaanza kupenda usafi. Popote ninapokwenda niko na fagio la mpini mrefu. Binti yangu akafurahi mno. Aliwaambia wateja wake, "Mama amepona mpaka anafagia uchochoroni!"

Basi, binti yangu akiwa ametoka kutwa kupima wateja, nikasimama mlangoni na fagio langu kama silaha. Kifutio akakaa mbele yangu na ubao mapajani.

Picha ya kwanza ilitoka na macho ya visosi. "Haya macho ni ya nani?" nikauliza. "Mimi nikimkasirikia adui, macho yananywea." Akaichana. Ya pili mikono ilikuwa nyuma. Akaichana mwenyewe kabla sijasema. Ya tatu alianza vizuri, kisha nikaona penseli inakimbia, inarudi kwenye njia zake za zamani, na yeye anaiona inakimbia na hawezi kuizuia. Akaitupa ukutani. Akaweka uso kwenye magoti, na hapo ndipo alipolia, kilio cha chini cha mtu anayejua saa inakwenda.

"Nikalie tu ile cherehani," akasema.

"Kwanza nichore," nikasema. "Nimesimama muda wote huu, nisisimame bure." Nikajikaza. Goti lililopona lilikuwa linawaka moto.

Akafuta pua kwa mkono wa gauni. Akanitazama. Mpaka leo sijui nini kilibadilika, labda alikuwa amechoka hata kujifanya anajua. Aliacha kuitazama karatasi akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Akapima kichwa changu kwa penseli, mkono umenyooka, jicho moja limefungwa. Akachora yai la mbavu. Akachora nyonga, akainamisha kichwa, akaiinua nyonga upande mmoja. Penseli sasa ilikuwa inakwenda polepole, inauliza. Mchana ulipinda, mimi nikakaa, nikasimama tena, nikakaa, na yeye akaendelea kuchora. Hakufuta hata mara moja.

Jua lilipofika dirisha la pili akanigeuzia ubao.

Nikausogelea. Alikuwa mwanamke mzee kweli. Vidole vimevimba kwenye viungo, vimeshika mpini wa fagio kama mtu anayening'inia. Midomo imebanwa. Uzito wote uko mguu wa kushoto, na ule wa kulia goti limekunjwa, kisigino hakigusi sakafu. Akateremsha uzi kutoka kwenye koo la picha. Kifungo kikatulia juu ya unyayo wa kushoto.

"Amesimama!" akasema Kifutio, kama mtu aliyeona mtoto akipiga hatua. "Bibi, amesimama!"

Nami nikaona kitu kingine: mama yake akiiona picha hii, nimekwisha.

"Nzuri," nikasema. "Ila huo mguu wa kulia uunyooshe kidogo. Kisigino kikanyage. Mimi sisimami hivyo."

"Bibi, ndivyo ulivyosimama."

"Nilikuwa napumzika. Nyoosha. Na fagio nalishika kwa vidole viwili tu, kwa madaha."

Ni mtoto mwenye adabu. Akachukua raba, akafuta mguu wangu, akachora mwingine, ulionyooka kama nguzo, na nyonga akaisawazisha ili iendane nao. Nikamwona anavyobadilika rangi. Uzi ukateremka, kifungo kikaning'inia hewani, mbali na unyayo wowote. Yule mzee pale kwenye karatasi akawa mwanasesere aliyebandikwa mlangoni. Adui angempuliza tu.

Kifutio hakulia mara hii. Aliiweka penseli chini, taratibu, akailaza sambamba na ukingo wa meza. "Basi," akasema. "Nilidhani nimepata." Akasimama akaenda kwenye ile cherehani ya pili, akakaa, akaweka miguu kwenye kanyagio.

Naogopa kisu, sikatai. Lakini ule mlio wa kanyagio tupu, bila nguo wala uzi, ulinitoboa zaidi.

"Mke mwenzangu," nikasema. "Njoo uurudishe mguu wangu. Ule mbaya."

"Si umesema husimami hivyo?"

"Nimekumbuka. Njoo kabla sijasahau."

Nikasimama tena. Akaurudisha, goti, kisigino na vidole vinavyoning'inia kwenye mpini. Nikamwapisha kimoja tu: mama akiuliza, aseme ule mguu ameubuni.

Ijumaa jioni walirudi pamoja, mama na mtoto, wamekutana njiani. Kifutio uso ulikuwa umevimba kwa furaha. Rula alikuwa ameitazama picha, akasema, "Huyu mtu anaumwa na hataki tujue. Jumatatu njoo. Sasa macho mfanyie makubwa unavyotaka." Kisha akampa nakala aje kuibandika nyumbani.

Nakala alikuwa nayo binti yangu. Aliishika kwa ncha za vidole, anavyoshika nguo ya mteja iliyokatwa vibaya.

"Hongera kwa mwanao!" nikasema, nikaanza kufagia pasipo na taka.

"Asante, Mama. Goti linaendeleaje?"

"Limepona, si unaona? Huo mguu wa kwenye picha mtoto ameubuni. Mwulize."

Kifutio akatazama dari.

Binti yangu akaja akalitoa fagio mkononi mwangu, kwa upole, akaliegemeza ukutani. Kisha akachukua ule uzi wa kifungo mezani, akaushikiza ncha kwenye kishimo cha koo langu, akakiachia kifungo. Kifungo kikayumba, kikayumba, kikatulia juu ya unyayo wangu wa kushoto.

Nikamwambia uzi ule umepinda.