Giaboksi Iliyobaki Mezani

Mchana ule fundi alikuwa chini ya pikapu kuukuu, akionekana miguu tu, akimwomba dada yake spana kama mtu anayeomba chumvi mezani. Dada mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kokoto kwa mzigo aliozoea kuubeba kwa pikapu hiyo, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wa kushoto ameunyoosha. Mguu ule haukuweza tena kukanyaga klachi. Ndiyo maana giaboksi ya zamani ilikuwa inashushwa, na ya otomatiki, iliyotolewa kwenye gari jipya lililopinduka, inasubiri kupanda.

Haikupanda kirahisi. Ilikuwa ndefu kuliko mwenzake, ikabidi fundi akate chuma cha kuishikilia akisogeze nyuma, afupishe propela shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, kisha agonge sakafu ya gari mpaka ipate kinundu. Kompyuta yake aliificha chini ya kiti, akisema gari la umri ule lisijue limetiwa akili, litaanza kiburi. Bi Kokoto alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwahi kucheka hivyo tangu ajali.

Siku ya ajali alisimamisha gari machimboni, akashuka kutazama maji ya rejeta, gari likamjia na kumbana mguu kwenye mwamba. Msimamizi wa machimbo alisema mama aliliacha frii, bila gia, likajiendea. Aliyeona ni dereva wa tingatinga lililokuwa nyuma ya gari, peke yake, naye hakufungua mdomo. Bi Kokoto alibisha, akachoka kubisha, mwishowe akaanza kuamini. Hilo lilimuuma kuliko mguu: hakuwa tena na hakika na mkono wake mwenyewe.

Asubuhi Bi Kokoto alipoondoka na otomatiki, giaboksi ya zamani ilikuwa juu ya meza ya kazi, imeoshwa kwa dizeli. Gari lilipofika kilimani, fimbo ya gia ya ile ya zamani ilihama yenyewe kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Fundi aliweka karai chini yake kwa sababu ilikuwa inavuja, akaendelea na shughuli zake. Jioni alimuuliza dada kama kilima kilimsumbua. Akajibiwa kwamba hata hakukisikia.

"Utakisikiaje," fundi akasema, "na mzee wa mezani amekihema chote?"

Tangu hapo alijua dada yake yuko wapi bila kupiga simu. Lakini siku Bi Kokoto alipoegesha tena machimboni, pale pale, fimbo iliingia gia ya kwanza na meza ikaburuzwa hadi ukutani. Fundi alimsimulia wakati wa kula. Bi Kokoto aliweka kijiko chini, akamwomba arudie. Kesho yake akamwita msimamizi.

Fundi aliondoka na pikapu kwenda kuiegesha pale pale machimboni. Msimamizi na Bi Kokoto walibaki karakanani wakinywa chai, wakitazama fimbo ikienda ya tatu, ikarudi ya pili, ikaingia ya kwanza na kutulia. Kisha meza ikasukumwa kutoka nyuma. Miguu yake ilikwaruza saruji, spana zikadondoka. Msimamizi akasimama, akaivuta fimbo kwa mikono miwili. Haikutoka.

"Ilikuwa kwenye gia," alisema. "Imesukumwa."

"Na tingatinga."

"Na tingatinga, ndiyo."

Msimamizi alimalizia chai yake. Akaeleza kwa upole kwamba suala lile lilishafungwa, kwamba yule dereva sasa ni mkuu wa madereva na ana familia. Alipokuwa akiaga aliuliza kama fundi angeweza kumfungia otomatiki naye, maana goti lilikuwa likimsumbua.

Bi Kokoto aliutazama mkono wake kwa muda mrefu, akalia kidogo, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alichukua kitambaa kikavu akaifuta giaboksi taratibu, akaishukuru. Fundi aliporudi alimshukuru naye.

"Mdogo wangu, niliiweka gia. Niliiweka."

"Uliiweka, dada," fundi akasema, akainama kuokota spana ili asionekane macho.

Kesho yake Bi Kokoto alifuata mzigo. Langoni mwa machimbo, mlinzi mgeni kazini aliinama dirishani kumweleza alichoagizwa kumweleza kila dereva.

"Shikamoo mama. Ukiegesha usisahau kuweka gia. Kuna mama mmoja alisahau humu ndani, akavunjika mguu."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Kokoto. "Asante kwa kunijali."

Mlinzi akafungua lango.