Bendera ya Hessie Gault

"Yule haingii humu," alisema kaka yangu Malachy, na mkate wa nyama aliokuwa nao jirani yetu Attracta Devenny ukasimama nusu ya safari ya kwenda kinywani.

Mama alikuwa amelazwa sebuleni, jeneza wazi, rozari imezungushwa vidoleni kama alivyokuwa akiizungusha mwenyewe. Nyumba ilikuwa imefurika. Wanawake jikoni, wanaume ukumbini, vijana wameketi kwenye ngazi mpaka juu, vikombe vya chai vinapita juu ya vichwa. Sikatai, mimi napenda nyumba iliyojaa watu, hata ikijaa kwa msiba. Kwetu Belfast maiti haachwi peke yake mpaka siku ya kutoka, na wanaomlinda hawana kazi nyingine ila kunywa chai na kusengenya. Mpaka mchana ule tulikuwa tumeshavunja ndoa za watu na kumpa kasisi mpya maradhi asiyokuwa nayo.

Malachy alikuwa dirishani, ameshika pazia. Sikuhitaji kuuliza yule ni nani. Kabla hajakata roho, mama alinivuta karibu akaniambia neno moja tu: Hessie akija, mfungulie. Aketi nami.

"Mama ndiye aliyemtaka," nikasema.

"Mama alikuwa amelewa dawa."

"Akili za mama zilikushinda tangu siku aliyokuzaa."

Attracta alicheka, akajuta, akaufunika mdomo kwa mkate.

"Cepta, nisikilize," Malachy alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo iliyonitisha. "Watu wa huyo mwanamke walimchoma baba. Akikanyaga humu, mimi natoka. Jeneza mtalibeba wenyewe."

Alikuwa mwana wa pekee wa kiume. Mwana asiyeliingiza bega chini ya jeneza la mama yake, mtaa huu utamsema mpaka wajukuu wazeeke, na angeondoka kweli, nilimjua. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi marehemu.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Lissan zamani, kabla ya ghasia za Agosti ya mwaka sitini na tisa, Wakatoliki na Waprotestanti mlango kwa mlango. Hessie Gault alikuwa ng'ambo ya barabara, mjane, Mprotestanti wa kweli kweli, asiyefuma hata soksi siku ya Jumapili. Yeye na mama waliingia pamoja kiwanda cha kitani wakiwa wasichana, wakakohoa vumbi lilelile. Kila Julai, kwa sikukuu ya Waprotestanti, Hessie alipotundika bendera ya Malkia nje ya dirisha lake, mama ndiye aliyemshikia kiti asianguke. "Nikianguka leo, Cassie," alikuwa akisema, "watasema Papa ndiye amenisukuma."

Jioni ile ya Agosti kundi la watu wake lilikuwa likishuka mtaa kwa mtaa likichoma nyumba zetu. Tulilisikia kabla ya kuliona. Hessie aliingia kwetu bila kubisha, bendera imekunjwa kwapani, akapanda kiti chetu mwenyewe na kuipigilia kwenye fremu ya dirisha, ili wadhani ni nyumba ya Mprotestanti. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka chumba kikigeuka rangi, jua la jioni likipita kwenye kitambaa, na ile picha ya Moyo Mtakatifu ukutani ikiwa nyekundu nusu, buluu nusu. Nakumbuka baba akisema, "Haya, Malkia kaja kulala kwetu, na shuka zenyewe hazijafuliwa." Au labda sikumbuki. Labda Hessie alinisimulia baadaye, na mimi kwa kupenda hadithi nikajiweka ndani yake. Nimejaribu kuzitenganisha nikashindwa.

Mama alinikokota mpaka shule ya masista. Baba alibaki uani kuwatia kapuni njiwa wake wa mashindano. "Nakuja," alisema. Nyumba iliungua, yeye akiwa ndani.

Hayo hakuna anayeyabishia. Ubishi ulianzia hapo. Upande wetu tulisema ni Waprotestanti, nani mwingine? Kila mwaka Malachy aliyasema hayo chini ya kibao cha jiwe cha ukumbusho kwenye kona ya mtaa, jina la baba limechongwa juu ya kichwa chake, watu wamevua kofia. Hessie yeye alisema jambo jingine, na alilisema kwa yeyote aliyemuuliza, dukani, hospitalini, kwenye foleni ya posta. Alisema watu wake walifika, wakaiona bendera, wakapita. Alisema baadaye wakapanda vijana wa upande wetu kulipiza kisasi, wageni na mtaa ule, macho yamejaa moshi, wakaiona bendera hiyohiyo. Walirusha chupa za maziwa zilizojaa petroli.

Malachy alikuwa na miaka kumi na saba. Jioni ile alikuwa chini kabisa kwenye kizuizi cha watu wetu barabarani, anajaza chupa petroli. Hiyo haikuwa siri, alikuwa akiisimulia baa kwa majigambo, jinsi walivyojaza kreti nzima na kuwapa waliokuwa wakipanda. Sasa uelewe kwa nini maneno ya Hessie hayakuweza kuingia nyumbani kwetu.

Nikaenda kufungua mlango.

Alikuwa amefika kizingitini, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kofia ya kanisani kichwani, sahani ya mikate ya zabibu mkononi imefunikwa kitambaa safi. Malachy alikuja nyuma yangu, koti amekwishavaa.

"Pole, mwanangu," Hessie alisema.

"Usiniite mwanao."

"Nilikubadilisha nepi. Nitakuitaje, Bwana Toal?"

Mtu alicheka ukumbini, akanyamazishwa.

"Unataka kuingia?" Malachy alisema. "Sawa. Sema hapo ulipo, watu wote hawa wasikie. Nani alichoma nyumba yetu? Sema ni watu wako, uingie ukae na mama mpaka uchoke."

Nikasema, "Malachy, jamani, mbele ya maiti?"

"Mbele ya maiti. Ndiye shahidi."

Hessie alimtazama. Kisha akanipita kwa macho, akatazama ndani, ambapo kutoka mlangoni ilionekana ncha ya jeneza na mshumaa. Miaka thelathini na zaidi alikuwa amesimama kwenye neno lake. Watu wake mwenyewe walimnunia kwa ajili ya kuwatundikia Wakatoliki bendera. Wetu walimwita mwongo. Hakuwa na kitu kingine cha siku ile ila hilo neno, kwamba alitaka kutuokoa na nusura afaulu.

"Moshi ulikuwa mwingi," alisema. "Sikuona uso wa mtu."

Malachy alisubiri. Nadhani alitaka aendelee, amkatalie, amtukane, ili apate sababu ya kuondoka. Hessie alinyoosha kitambaa kilichofunika sahani. Mwishowe kaka yangu alisogea pembeni, na mimi nikaipokea ile sahani.

Aliketi kando ya kichwa cha mama. Hakupiga ishara ya msalaba, wala hatukutegemea. Aliinama, midomo ikaanza kwenda bila sauti. Attracta aliniuliza kwa kunong'ona kama Waprotestanti nao wana sala za kimya. Nikamwambia si sala. Wanawake wa kiwandani hawakuweza kusikilizana kwa kelele za mashine, basi walizoea kusemezana kwa midomo mitupu, wakamaliza umbea wa mji mzima bila kutoa sauti. Alikuwa akiongea na Cassie. Aliongea muda mrefu, na wakati mmoja alitabasamu, akanyamaza kidogo kama anayesubiri zamu ya mwenzake.

Jioni, watu walipopiga magoti kwa rozari, Hessie alikuja jikoni kuwapisha. Nilikuwa kwenye sinki. Malachy aliingia nyuma yake, akarudishia mlango. Sidhani kama aliniona; au aliniona, hakujali tena. Sauti za sala zilipita ukutani, juu na chini, kama watu wanaovuta kamba.

"Mama mdogo," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu utotoni. "Chupa zile."

Hessie alikaza kofia yake kichwani.

"Umesema chupa miaka yote. Chupa za maziwa. Uliziona?"

Nikafunga bomba. Mgongo wangu ulikuwa kwao, lakini kwenye kioo cha dirisha niliwaona wote wawili: yeye mwanamume wa zaidi ya nusu karne, mikono inaning'inia kana kwamba amesahau inafanya kazi gani; na bibi mfupi mwenye kofia, ameinua uso kumtazama.

"Ilikuwa mienge," Hessie alisema.

"Mienge."

"Watu wetu walikuwa na mienge ya mbao na matambara. Niliwajua baadhi yao. Hapakuwa na chupa. Nilisema chupa kwa sababu ya aibu, mwanangu. Mtu hapendi kuwasema watu wake."

Alisema bila kupepesa macho, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia bei ya viazi. Malachy alitikisa kichwa mara nyingi, polepole. "Mienge," akarudia, kama mtoto anayefundishwa. Kisha akavuta kiti, akamkalisha, akamchemshia chai, na maziwa akayamimina mpaka yakafurika kwenye kisahani.

Mimi nilisugua sufuria iliyokuwa safi.

Kesho yake Malachy alibeba jeneza upande wa mbele kutoka mlangoni mpaka kanisani, akakataa kupokewa. Hessie alitembea nyuma yetu. Kufika kanisani alisimama ng'ambo ya barabara, kwa kuwa imani yake haimruhusu kuingia kwenye misa yetu, akabaki palepale mvua ikimpiga mpaka tulipotoka.

"Nani yule?" aliniuliza binamu yetu mmoja aliyetoka Derry, anayependa habari kama mimi.

Nilikuwa na jibu la kutosha mpaka makaburini na kurudi.

"Rafiki wa mama," nikasema.