Ukuta wa Temirkul

Kwa miaka ishirini na minane Saikal aliwafundisha watoto wa wachimba urani habari za atomu kwa chaki tupu. Alichora kiini, protoni na nyutroni zimebanana humo, elektroni zikizunguka kwa mbali. Kisha alieleza kwamba viini vingine ni vizito mno, haviwezi kutulia. Hurusha vipande vyake, na huko kurusha ndiko mionzi. Watoto walinakili. Vuli hii shule ilipata kipima mionzi, kidude cha manjano cha kushika mkononi, naye akakichukua nyumbani Jumamosi ajizoeze, asije akaaibika mbele ya darasa.

Jikoni kililia tik, kikanyamaza, kikalia tena. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Alipoingia chumba cha kulala kililia kama mvua ya mawe juu ya bati. Akadhani kimeharibika. Akatoka, kikatulia. Akarudi, kikapandwa na wazimu, hasa pale ukutani kitanda kilipoegemea.

Ukuta ule aliujenga marehemu mumewe, Temirkul, mwaka waliooana. Kila akitoka zamu alirudi na mawe matatu manne kutoka kwenye rundo la mabaki ya mgodi wa urani. Ni mazuri, alisema, tena ya bure. Miaka kumi na tisa alilala ameupa mgongo ukuta huo, mpaka kifua kikammaliza. Daktari alisema ni vumbi la mgodini. Sasa anayelala pale ni mjukuu wao Aizirek, wa miaka sita.

Saikal aliketi sakafuni. Alihisi Temirkul yumo chumbani, amesimama nyuma yake na mwiko mkononi, akingoja kusifiwa kama alivyongoja siku alipomaliza kujenga. Hakuthubutu kugeuka.

Mwanawe Ulan aliporudi kutoka malishoni, Saikal alimweleza yote. Ulan akacheka kidogo.

"Mama, kitu cha shule hicho. Kibovu tu."

"Ingia nacho mwenyewe."

Aliingia, akakawia. Alipotoka alikuwa amekizima.

"Mionzi hiyo itaisha lini?"

"Radiamu iliyomo maweni, ndiyo inayotoa mionzi, hupungua nusu kila baada ya miaka elfu moja na mia sita."

Ulan akatazama mlango. "Baba alijua?"

"Baba yako hakujua. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha."

Saikal aliikumbuka meza ya jikoni, madaftari ya darasa la tisa, yeye akisahihisha michoro ya viini huku Temirkul akipita na mawe kifuani, akimwomba amfungulie mlango. Naye alimfungulia kila mara.

Jioni hiyo walihamishia kitanda cha Aizirek jikoni. Ulan alitaka kuuvunja ukuta papo hapo, Saikal akamkataza: vumbi lake lingewaingia wote. Wakaupigilia mlango mbao. Mtoto aliuliza kwa nini babu amefungiwa, maana picha yake ilibaki humo.

Jumatatu Saikal hakuchora kitu ubaoni. Aliwauliza watoto nani nyumbani kwao kumejengwa kwa mawe ya mgodini. Mkono mmoja ukanyooka, kisha mitano, kisha karibu darasa zima, kwa fahari, kila mmoja akitaka kusimulia jinsi babu yake alivyoyabeba. Aliwasikiliza wote mpaka wa mwisho. Kisha akachukua daftari, akaanza kuandika majina, maana Jumamosi angelazimika kubisha hodi kwao, kipima mionzi mkononi.